Katleya katika Nyumba za Vioo

Katleya ni okidi za Amerika ya Kati na Kusini. Porini huota juu ya matawi ya miti na kwenye miamba, mizizi ikiwa wazi: mvua huilowesha, upepo ukaikausha siku hiyohiyo. Shina lake nene huweka akiba ya maji ya kuvukia kiangazi. Wakulima wa maua wa Ulaya walichelewa kulielewa jambo hilo, na mimea mingi ilikufa mikononi mwao.

Ya kwanza kupewa jina hilo ilitoka Pernambuco, kaskazini-mashariki mwa Brazili. Mwingereza William Swainson aliituma kwao, na mwaka 1818 ikachanua kwa mfanyabiashara William Cattley, huko Barnet karibu na London. Mwaka 1821 mtaalamu wa mimea John Lindley akaiita Cattleya labiata. Husimuliwa kwamba ilifika kama takataka za kufungia mizigo. Hadithi tamu, ila Swainson alikuwa mtaalamu wa viumbe na alijua alichokusanya. Baadaye wakusanyaji waliitafuta hadi kandokando ya Rio de Janeiro, mbali na makao yake, wasiione. Ilipatikana tena Pernambuco takriban miaka 70 baadaye.

Matajiri wa Ulaya walionunua okidi waliamini kwamba nchi za joto zote ni tanuri. Makaa yaliwaka usiku na mchana, madirisha yakafungwa, maji yakamwagwa hadi mvuke ukatanda kwenye vioo. Mizizi ikaoza. Katika miaka ya 1830 Joseph Paxton, mtunza bustani wa kasri la Chatsworth, Uingereza, alipunguza joto na kuruhusu hewa ipite, na okidi zikastawi.

Mafanikio hayo yaliigharimu misitu. Mahitaji yalipopanda, wakusanyaji waliangusha miti mizima ili wafikie okidi za juu. Huko Kolombia ilivunwa sana Cattleya trianae, ambayo leo ndiyo ua la taifa la nchi hiyo.

Kuziotesha kwa mbegu badala ya kuzichuma porini kulikuwa kugumu. Tunda moja hubeba mbegu laki kadhaa, laini kama vumbi, zisizo na akiba ya chakula. Wakulima walizinyunyiza kwenye chungu cha mmea mama na kungoja bahati. Mfaransa Noël Bernard aligundua mwaka 1899 kwamba mbegu za okidi huoteshwa na kuvu wanaoishi mizizini. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson akaziotesha bila kuvu, ndani ya chupa yenye jeli ya agari na sukari. Miche ikapatikana kwa maelfu, na kufikia miaka ya 1950 ua la katleya lilikuwa pambo la kawaida la kifuani kwa wanawake wa Marekani siku ya harusi na Siku ya Mama.

Leo hupandwa katika vipande vya magome, si udongo, na humwagiliwa yakishakauka. Nyingi zinazouzwa zimezaliwa maabara. Za porini haziruhusiwi kuvuka mpaka wa nchi bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, ulioanza kutumika mwaka 1975.