Utafutaji wa mapitio ya kimfumo

Utafutaji wa mapitio ya kimfumo katika tiba ni kazi ya kutafuta, kwa utaratibu uliopangwa, machapisho yanayokusanya na kupima tafiti zote zilizofanywa juu ya swali moja la matibabu.

Umuhimu

Mwaka 1972 Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand walichapisha jaribio lililoonyesha kwamba mama anayeelekea kujifungua kabla ya wakati akipewa dawa za kotikosteroidi, vifo vya watoto njiti hupungua. Majaribio mengine yalifuata, lakini mapitio ya kimfumo ya kuyaunganisha hayakuchapishwa hadi mwaka 1989. Katika miaka hiyo madaktari wengi hawakutambua faida ya dawa hizo, na watoto wengi walikufa bila sababu. Mchoro wa majaribio hayo ndio nembo ya shirika la Cochrane, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1993.

Kupanga maneno

Swali hugawanywa katika sehemu nne: mgonjwa, tiba, kinacholinganishwa nayo na matokeo. Visawe vya kila sehemu huunganishwa kwa neno OR, na sehemu zenyewe kwa AND. Katika mfano huu, "preterm" na "premature" huunganishwa kwa OR, kisha majina ya dawa huongezwa kwa AND. Mara nyingi sehemu mbili hutosha, kwani kila AND hupunguza machapisho yanayopatikana. NOT hutumiwa kwa tahadhari: anayeondoa machapisho yanayotaja watu wazima anaweza kupoteza pia yale yanayohusu mama na mtoto pamoja.

Maneno ya kawaida hutafutwa pamoja na istilahi za MeSH, orodha ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, kwa sababu baadhi ya machapisho hayajawekewa istilahi hizo.

Mahali pa kutafuta

Hifadhidata zinazotumika ni pamoja na Maktaba ya Cochrane, PubMed, Embase na Epistemonikos. Hakuna moja yenye kila kitu.

Upana wa utafutaji

Utafutaji mpana huleta machapisho mengi yasiyohusika. Ule mwembamba huacha yanayohusika. Katika tiba upana hupendelewa: chapisho lisilohusika huonekana na kuondolewa, bali lililokosekana halionekani kabisa.

Mtafutaji huandika tarehe, hifadhidata na maneno aliyotumia, ili mwingine aweze kurudia kazi hiyo na kuikagua.