Lwang'ni ilikuwa ya nani? Historia ya raha zetu za utotoni Kisumu

Watoto wa Nairobi wakianza mambo ya "enzi zetu", hawakosi cha kutaja. Boti za Uhuru Park, wapiga picha wa pale, aiskrimu iliyoyeyuka kabla hujafika steji ya matatu. Nasoma nikicheka, halafu msee fulani anauliza: na nyinyi wa Kisumu mlikuwa mnaenda wapi? Hapo watu wetu huanza kujibu kama wanaomba msamaha. "Aah, sisi tulikuwa na ziwa tu."

Ziwa tu! Ziwa la zaidi ya kilomita mraba 68,000, hata kama Kenya tulipata asilimia 6 pekee. Na si kweli kwamba hatukuwa na pa kujibamba. Tulikuwa na Lwang'ni. Tulikuwa na shoo ya Mamboleo. Tulikuwa na farasi wa plastiki mlangoni mwa supamaketi. Kinachotufanya tusite ni kwamba hakuna hata pamoja palipokuwa na geti lililoandikwa kwamba hapa ni pa watoto, na palipoondoka hakuna aliyetoa tangazo kwamba pamefungwa. Siku moja palikuwepo, siku nyingine hapapo. Nimejiuliza sana kwa nini iko hivyo, na kila nikifuatilia najikuta kwenye reli.

Lakini kwanza niwaeleze wale ambao hamkufika.

Lwang'ni ni neno la Kijaluo, maana yake nzi. Jina halikudanganya. Chini ya mji, upande wa bandari, vibanda vya mabati vilipangana vikiangalia maji, na mbele ya kila kibanda kulikuwa na karai kubwa la mafuta yanayochemka. Ngege wamechanjwa ubavuni, mbuta amekatwa vipande, na mama mmoja anakuita kutoka kulia na mwingine kutoka kushoto, kila mmoja akiapa kwamba wake ametoka majini asubuhi hii. Unachagua samaki wako kwa macho, unabishana bei, unangoja. Kijana anakuja na jagi na karai, mnanawa kwa zamu, mkubwa kwanza. Halafu ugali unatua mezani ukiwa bado unafuka moshi.

Sasa, huko kula kulikuwa kwa wazazi. Sisi watoto tulienda kwa ajili ya yale mengine. Kulikuwa na boti za mbao zilizopakwa rangi kali, na jaketi la kuokolea lililokuwa na harufu ya samaki wa wiki nzima. Kwa finje, mtoto anapelekwa hadi pale nahodha anaposema "viboko wako hapo tu mbele", na hakuna aliyewaona, lakini wote tulirudi tukisema tumewaona. Kama gugu maji limefunga ghuba siku hiyo, boti inapita kwenye kichochoro chembamba cha maji kama nduthi inavyopita kwenye jamu ya Kondele. Pembeni magari yanaoshwa, tena si kwa ndoo: yameingizwa ziwani hadi nusu ya magurudumu, redio zimefunguliwa kila moja na stesheni yake. Unakaa juu ya mawe ukiwa na nguo za kanisa ambazo mathe ameshakuonya usizichafue, unaangalia hilo sinema lote bure. Hakuna aliyekuuliza tiketi.

Hapo sasa ndipo historia inapoingia. Kwa nini kulikuwa na ufuo mtupu katikati ya mji, karibu na bandari, ambapo mtu yeyote angeweza kuweka karai la mafuta?

Reli kutoka Mombasa ilifika hapa Desemba 1901. Waingereza wakapaita Port Florence, jina la mke wa Ronald Preston, msimamizi wa ujenzi wa njia ile. Wenyeji walikuwa na jina lao tayari, na jina hilo lilitokana na mahali pa kwenda kutafuta na kubadilishana chakula. Lakini tangu siku hiyo, kipande cha ufuo kilicho mbele ya mji kikawa cha kazi. Gati, mabehewa, karakana, maghala, meli za mvuke za kwenda Uganda. Ziwa kama mahali pa kustarehe lilikuwepo pia, ila kwa wenye kadi za uanachama. Nyanza Club na Kisumu Yacht Club bado ziko pale mpaka leo, na majina yanajieleza. Kwa mtoto wa Mwafrika, ufuo wa mjini ulikuwa mahali ambapo baba anabeba magunia.

Wazazi wetu walipata raha yao kupitia kazi hiyohiyo. Waulize. Watakwambia habari za meli ya abiria kwenda Kendu Bay na Homa Bay, kuku wamefungwa miguu chini ya viti, watoto wameshikilia vyuma vya ukingoni wakipigwa na upepo. Ile ilikuwa safari ya kwenda dala, haikuwa matembezi, lakini mtoto hajui tofauti.

Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mashirika ya pamoja ya reli na bandari yakagawanywa. Bandari ya Kisumu haikufa siku moja. Ilisinzia taratibu. Mizigo ikahamia kwa malori, meli za abiria zikapungua hadi zikaisha, na MV Uhuru, meli kubwa iliyotengenezwa kubeba mabehewa ya treni juu ya maji, ikaishia kuegeshwa zaidi ya miaka 10. Nyasi zikaota kati ya vyuma vya reli.

Lwang'ni yetu ilikuwa zawadi ya usingizi huo. Ardhi ya reli ilikuwa imelala, na kina mama wakaona pale pana maji, pana kivuli, na samaki wanapatikana. Sisi tukaja nyuma yao na viatu vyetu vya kanisa. Kama bandari ingekuwa inafanya kazi sawasawa mwaka 2005 au 2010, mimi na wewe hatungekuwa na kumbukumbu yoyote ya pale, labda ya ukuta tu.

Na bandari ilipoamka, ikadai mahali pake. Mapema 2019, serikali ikiharakisha ukarabati wa bandari, Shirika la Reli likabomoa vibanda vya Lwang'ni. Mwishoni mwa mwaka huo MV Uhuru ikaanza tena safari za mizigo kwenda Port Bell, Uganda. Mabati yaliyokuwa yanatukinga na jua la saa nane yakawa chuma chakavu.

Nitasema ukweli hata kama utaniudhi mwenyewe: Lwang'ni ilikuwa chafu. Mafuta ya magari na sabuni viliingia moja kwa moja kwenye maji yaleyale tuliyochovya miguu. Vyoo vilikuwa shida. Sipendi watu wanaoifanya iwe peponi kwa sababu tu haipo tena. Na bandari inayofanya kazi inalisha watu wengi. Pia kuna waliopoteza makubwa kuliko kibanda cha samaki kwa sababu ya ardhi ya reli: Februari 2021, kule Kibos, watu wapatao 3,500, wengi wao Wanubi walioishi pale vizazi kadhaa, walibomolewa nyumba, na Amnesty ikaandika kuhusu hilo. Ukiweka utoto wangu kando ya huo, mimi nimepoteza matembezi tu.

Lakini kuondoa uchafu ni jambo moja, na kuondoa watu ni jingine. Vyoo vinajengeka. Mtaro wa maji machafu unachimbika. Mji wetu ulichagua njia fupi.

Twende Mamboleo. Chama cha Kilimo cha Kenya, wale wa shoo za ASK, kilianza mwaka uleule wa 1901 reli ilipofika ziwani. Kilianzishwa na masetla waliotaka kushindanisha ng'ombe na mboga zao. Miaka mia baadaye mtoto wa Manyatta hakujua lolote kuhusu masetla. Alijua kwamba katikati ya mwaka kuna siku ambapo shule nzima inapangwa mistari, inapanda basi, na inaenda shoo. Tuliambiwa tuandike ripoti kuhusu mahindi ya kisasa. Tuliandika, tena tukinakiliana, kwa sababu muda wote tulikuwa kwa mbwa wa polisi na kwa zile bembea za kuzunguka.

Lile gurudumu kubwa ndilo lililokuwa na foleni. Sisi zote tuliziita merigoraundi, iwe inazunguka kwa ubavu au inakupeleka juu. Ilikuwa mashine ya kusafiri, inafungwa kwenye lori shoo ikiisha na kupelekwa mji mwingine, rangi zake zimebanduka, jenereta inanguruma pembeni, na kijana mmoja kazi yake ni kuisukuma kwa mkono inapokwama. Ukifika juu kabisa unaona Winam yote, na Nandi upande wa pili, halafu inasimama hapohapo kwa sababu wengine wanashuka chini. Nimewahi kusoma kwamba gurudumu la kwanza la aina hiyo, lile George Ferris alilojenga Chicago kwa maonyesho ya 1893, lilikuwa na urefu wa mita 80, na lenyewe lilibomolewa kwa baruti mwaka 1906. Kwa hiyo hata baba yao wote hakuzeeka. Hilo lilinifariji kidogo, sijui kwa nini.

Kwenye ardhi hiyo ya shoo sasa umesimama uwanja wa Jomo Kenyatta, uliozinduliwa kwa sherehe za Madaraka za 2021. Ni uwanja mzuri, na Kisumu tulikuwa tunauhitaji, kwa sababu mpira ni dini yetu. Lakini ona mpangilio: shoo ilikuwa ya chama, ardhi ilikuwa na mwenyewe, na sisi tulikuwa wageni wa siku moja.

Kuhusu supamaketi sina mengi. Farasi wa plastiki na helikopta inayotikisika ukiweka sarafu, mara nyingi bila kuweka sarafu, ukijitikisa mwenyewe. Nakumatt ikaanguka na madeni yake, Ukwala ikanunuliwa na Choppies ya Botswana, Choppies nayo ikafunga na kuondoka Kenya. Farasi walienda wapi, sijawahi kuambiwa.

Impala ni hadithi nyingine, kwa sababu pale aliyedai mahali pake ni ziwa lenyewe. Hifadhi ya Impala ya Kisumu ilitangazwa rasmi mwaka 1992. Ni ndogo, chini ya nusu kilomita mraba, na ndiyo sababu kila mtoto wa shule hapa amewahi kumwona simba bila kufika Mara. Mei 2020, kwenye kipimo cha Jinja, maji ya ziwa yalipita mita 13.4, juu kidogo ya rekodi ya mwaka 1964. Dunga, Hippo Point, sehemu za Impala, ufuo wote ule ukaingia majini. Miti tuliyokula chini yake mikate ya safari ikasimama ziwani ikikauka. Mzee wangu, aliyekuwa amesimuliwa na baba yake mafuriko ya miaka ya sitini, hakushangaa hata kidogo. Alisema ziwa linajua mpaka wake, sisi ndio hatuujui.

Na mpaka huo ndio unaonisumbua leo. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inayaweka maziwa yote kwenye ardhi ya umma. Maji ni yangu na yako. Ila utayafikiaje? Jaribu kushuka kutoka mjini kwa miguu ukiwa na mtoto na shilingi mia moja. Upande huu kuna bandari, ule kuna klabu, kisha hoteli, kisha ukuta wa mtu. Mji ulipambwa kabla ya mkutano wa Africities wa Mei 2022, na kuna bustani ambazo sasa unaweza kukaa kwa raha ukapumua. Nazipenda. Lakini kwenye benchi la mjini huchovyi mguu ziwani. Dunga bado ipo, na nitaitetea hadi mwisho, ila kutoka Obunga au Manyatta, nauli ya mama na watoto watatu kwenda na kurudi tayari imemaliza pesa ya samaki.

Kwa hiyo nimeanza kukusanya picha. Wale wapiga picha wa Lwang'ni na wa shoo walikuwa wanachapisha siku hiyohiyo, na picha nyingi bado ziko kwenye albamu za kina mathe, kwenye kabati la vyombo, zimeanza kushikana kwa unyevu. Usizing'oe kwa nguvu. Zipige na simu kwanza, ndani ya albamu hivyohivyo, halafu niletee. Na muulize mathe mwaka gani, na nani alikuwa amesimama kando. Ya binamu yangu ina tarehe ya rangi ya chungwa pembeni, ya 2009, na inaonyesha mtoto ndani ya jaketi linalomfika magotini, gari jeupe lililoingia ziwani hadi nusu ya magurudumu, na kwenye kona ya juu, kidole cha mpiga picha.