Mongpawn

Mongpawn ilikuwa milki ndogo ya Washan katika bonde la mto Nam Pawn, mashariki ya Taunggyi, nchini Myanmar (zamani Burma). Mtawala wake aliitwa saopha, yaani bwana wa mbingu; Waburma walitamka sawbwa. Kama jirani zake, alilipa kodi kwa wafalme wa Burma.

Miaka ya 1880 saopha wa Mongpawn alikuwa nguzo ya Shirikisho la Limbin, muungano wa watawala wa Kishan walioasi dhidi ya mfalme Thibaw. Waingereza walipomng'oa Thibaw mwaka 1885, kisha wakaingia milima ya Washan mwaka 1887, Mongpawn ilisalimu amri, na saopha akaachiwa kiti chake.

Jina la milki hii limebaki kwa sababu ya mtu mmoja, saopha wake Sao Sam Htun. Tarehe 12 Februari 1947 alikuwa miongoni mwa waliotia saini Mkataba wa Panglong, ulioziunganisha jamii za milimani na Burma iliyokuwa ikidai uhuru. Aliingia katika baraza la Aung San, kiongozi wa harakati za uhuru, akashughulikia maeneo ya mipakani. Asubuhi ya tarehe 19 Julai, baraza likiwa kikaoni Rangoon, watu wenye silaha, wamevaa sare za jeshi, waliingia wakafyatua risasi. Aung San alikufa papo hapo. Sam Htun, aliyejeruhiwa vibaya, alifariki kesho yake. 

Mwaka 1959 masaopha wote wa Kishan walikabidhi madaraka yao kwa serikali.