Tunu na Gharama Yake: Kwa Nini Orodha Haitoshi

Katika ofisi nyingi za umma nchini Tanzania, karibu na mapokezi, hukosi kukuta bango lenye dira, dhima na maadili ya msingi ya taasisi: uadilifu, uwajibikaji, uwazi, kumjali mteja. Kazi za taasisi hizo hazifanani hata kidogo, lakini maneno ya mabango ni yale yale. Mtindo huo sasa umehamia kwa mtu binafsi. Katika semina za vijana na vitabu vya kujiendeleza, mshiriki hupewa karatasi yenye maneno lukuki, akaambiwa atie alama kwenye matano yanayomgusa, kisha ayatumie kuamulia kazi, ndoa na mahali pa kuishi. Makala hii inadai kwamba zoezi hilo, lilivyo, humwonyesha mtu maneno anayopenda kusifiwa kwayo, basi. Tunu zake zinasomeka kwingine: pale alipolazimika kuachia jambo jema ili abaki na jema jingine.

Zoezi lenyewe lina asili ya kitaaluma, na asili hiyo ni nzuri kuliko nakala zake. Milton Rokeach, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandaa orodha mbili za tunu 18 kila moja, ya kwanza ikihusu malengo ya maisha, kama uhuru na usalama wa familia, na ya pili ikihusu mwenendo, kama ukweli, ujasiri na utii. Kitabu chake cha 1973 ndicho kilichoieneza kazi hiyo. Rokeach hakuwataka watu wachague tunu wanazozikubali, maana alijua karibu kila mtu angezikubali zote. Aliwataka wazipange kuanzia ya kwanza hadi ya kumi na nane. Anayeuweka ukweli juu ya utii anajua kwamba siku viwili hivyo vikikutana mlangoni, utii ndio utakaosubiri nje. Shalom Schwartz wa Israeli aliendeleza hoja hiyo mwaka 1992 kwa kuzipanga tunu kumi katika mduara: zinazokaa jirani husaidiana, zinazotazamana huvutana. Anayetafuta madaraka na mafanikio binafsi atagongana mapema na wito wa kujali ustawi wa wengine. Walioifupisha kazi hii kwa matumizi ya semina wameuacha nje mgongano, nao ndio uliokuwa kiini chake.

Mfano ulio karibu nasi ni wa mwaka 1955. Julius Nyerere alikuwa mwalimu katika sekondari ya Mtakatifu Francis, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Alikuwa amerudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, mmoja wa Watanganyika wachache mno wenye shahada, na tayari alikuwa na mke na mtoto. Chama cha kupigania uhuru, TANU, kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 yeye akiwa rais wake. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporejea ilimbidi achague: ualimu au siasa. Akajiuzulu ualimu bila kuwa na mshahara mwingine uliokuwa ukimsubiri.

Simulizi hii husemwa mara nyingi kama hadithi ya ushujaa, na kwa kufanya hivyo tunaiharibu. Tukidhani alichokiacha kilikuwa hafifu, hatujifunzi lolote. Aliachia kitu alichokipenda hata jina la Mwalimu likabaki naye mpaka kufa. Zaidi ya hapo, uamuzi mmoja haujawa ushahidi, kwani huenda ni hasira ya siku ile au shinikizo la marafiki. Ushahidi huanza tendo linapojirudia katika mazingira tofauti. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, Nyerere aliuachia uwaziri mkuu, akamkabidhi Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama mikoani. Mara ya kwanza aliacha kazi akiwa mtawaliwa, mara ya pili akiwa mkuu wa serikali. Kinachojirudia ni kwamba cheo na mshahara viliwekwa nyuma ya kazi ya kuwaandaa watu. Hapo mtafiti anaweza kuanza kuzungumzia tunu bila kubahatisha.

Mfano wa pili unanivutia zaidi kwa kuwa hausomeki kirahisi hivyo. Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwimbaji wa ngoma mwenye elimu ya shule ya miaka michache, ndiye aliyewaingiza wanawake wa mji TANU kwa maelfu, akipita katika vikundi vyao vya ngoma na mitaa yao. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likaweka masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa wala ukurugenzi katika kampuni za kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Hakuzikana wala hakuziandikisha kwa jina la mpwa, kama ambavyo wengine wangeweza kufanya. Alipinga waziwazi, akauacha uongozi wa chama alichokuwa amekijenga kwa sauti yake.

Wako walioona hapo tamaa imeshinda uzalendo. Mimi nasoma tofauti, na usomaji huu ni wangu. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Ilala ina ukumbi mrefu katikati, vyumba pande mbili, uani choo na jiko. Mwenye nyumba hulala chumba kimoja na kodi ya vyumba vingine humlisha. Kwa mwanamke wa mjini asiye na cheti cha kumrudisha ofisini wala uhakika wa pensheni, nyumba ile ilikuwa tofauti kati ya kujitegemea na kusimama mlangoni pa kaka yake. Uhuru alioupigania majukwaani na uhuru wa kutomtegemea mtu uzeeni vilikuwa kwake kitu kimoja. Azimio lilimtaka avitenganishe, naye akakataa. Kwa hiyo watu wawili wa chama kimoja, waliopanda jukwaa moja, walilipia tunu zilizogongana, na wote wawili walikuwa wakweli kwa nafsi zao. Orodha ya maneno isingewatofautisha: wote wangetia alama kwenye “uhuru”, “haki” na “utu”.

Msomaji atasema hawa ni watu wa historia. Lakini kumbukumbu za gharama kila mtu anazo, na kwa wengi wetu zimo kwenye simu. Pitia miamala ya M-Pesa ya mwaka mzima: ada, hela ya mama, marejesho ya kikoba, michango ya harusi, rambirambi, vocha. Mtu aliyeandika “elimu” juu kabisa ya orodha yake anaweza kugundua kwamba michango ya harusi imemeza mara nyingi zaidi ya alichotumia kwa vitabu na kozi. Asikimbilie kujiita mnafiki. Mchango wa harusi katika jamii zetu ni akiba inayowekwa kwa watu, kwani ndio watakaokaa matangani siku yake ikifika. Pengine tunu yake ya kwanza ni kutobaki peke yake, na elimu ni ya tatu. Kulijua hilo kunamfaa kuliko kulifunika, hasa siku atakapopewa kazi nzuri katika nchi asiko na ndugu wala jirani.

Pana pingamizi moja zito. Gharama nyingine hazikuchaguliwa. Aliyeuza shamba ili kumlipia mtoto hospitali hakuwa akipanga tunu, alikuwa amebanwa. Maskini ana nafasi chache za kuchagua kati ya mema mawili, na ukimpima kwa matumizi yake utaisoma dhiki ukadhani ni tabia. Nalikubali hilo kabisa, na ndiyo maana kipimo ninachokitetea kina sharti: iwe palikuwa na njia ya pili iliyo wazi, naye akaiacha. Pasipokuwa na njia ya pili, tusiseme lolote kuhusu tunu za mtu.

Pingamizi jingine ni dogo kwa maneno, kubwa kwa vitendo. Zoezi la semina humchukulia mtu kana kwamba ndiye mmiliki pekee wa maamuzi yake. Huku kwetu posa hupitia kwa wazee, na ada ya chuo mara nyingi hutoka kwa shangazi. Nyerere alipoacha kazi Pugu, mshahara uliokatika ulikuwa wa nyumba nzima. Anayechunguza tunu zake bila kuuliza nani mwingine alilipa anajipa sifa kwa fedha ya wenzake.

Na tunu ikishajulikana, kazi yake ni ndogo kuliko inavyonadiwa. Haimwambii mtu aolewe na nani. Inachofanya ni kuyaondoa baadhi ya mambo mezani kabla hayajafika. Ofisa aliyekwisha kuamua kwamba hapokei bahasha hahitaji kupiga hesabu kila bahasha inapokuja. Vilevile humweleza mtu hasara ipi ataweza kuishi nayo. Lakini haina mamlaka juu ya mwingine. Usawa ambao Nyerere aliulipia mwenyewe, hata kuukata mshahara wake kwa asilimia 20 mwaka 1966, uligeuka amri mwishoni mwa 1973, pale kuhamia vijijini kulipokuwa lazima, na kwingine familia zikahamishwa kwa nguvu, nyumba za nyuma zikabomolewa. Aliyechagua gharama alikuwa mmoja, waliolipa walikuwa mamilioni. Tunu njema haikuwa kibali cha jambo lile.

Wanaoendesha semina hizi, na walimu wa unasihi vyuoni, waibadilishe karatasi. Badala ya orodha ya maneno, wampe mshiriki mistari mitatu mitupu: jambo jema uliloliacha kwa hiari, ulichobaki nacho, na aliyelipa pamoja nawe. Vijana wengi wa miaka 20 watakosa cha kuandika. Waambiwe waziwazi kwamba hilo si kosa, wapewe nafasi za kuchagua mambo madogo yenye gharama halisi, na karatasi irudishwe kwao baada ya miaka mitano.