Mbari ya Marehemu

Nchini Marekani cheti cha kifo hujazwa na mikono miwili. Tabibu, au mchunguzi wa vifo, huandika sababu ya kifo. Msimamizi wa mazishi huandika yaliyosalia: jina, umri, kazi, na mbari ya marehemu. Kanuni zinamtaka awaulize jamaa. Pengine huuliza, pengine huutazama uso wa maiti na kuandika alichokiona.

Kazi hiyo ndogo ya kalamu imebeba mambo makubwa. Mwaka 1896 Frederick Hoffman, mwanatakwimu wa kampuni ya bima ya Prudential, alichapisha kitabu kilichodai kuwa vifo vya Wamarekani Weusi ni dalili ya udhaifu wa damu yao, na kwamba wako katika njia ya kutoweka. Tangu 1881 kampuni hiyo ilikuwa ikiwapunguzia Weusi theluthi moja ya fidia kwa ada ileile waliyotoza Wazungu. Kitabu kikawa hoja ya kuhalalisha biashara. W.E.B. Du Bois alimjibu mwaka uliofuata, akionyesha kwamba miji kadhaa ya Wazungu ilikuwa na vifo vingi vivyo hivyo, na hakuna aliyesema Wazungu wanatoweka. Isitoshe, usajili wa vifo ulikuwa haujafika sehemu kubwa ya Kusini, walikoishi Weusi wengi. Majimbo yote hayakukamilika hadi 1933. Hoffman alikuwa akipima taifa kwa kibaba cha mijini.

Kosa la pili lilikuwa la kimyakimya zaidi. Kiwango cha vifo ni sehemu ya hesabu: juu kuna kiasi, yaani waliokufa, chini kuna asili, yaani watu wote wa kundi hilo. (Kiswahili kimebahatika hapa, kwani neno hilohilo ndilo linalouliza mtu katoka wapi.) Kuanzia sensa ya 1960 raia walianza kujitajia mbari wenyewe. Wamarekani Asilia, waliokuwa kiasi cha nusu milioni mwaka huo, walikaribia milioni mbili mwaka 1990, ongezeko ambalo uzazi pekee hauwezi kulieleza. Asili ikapanuka kwa kauli za walio hai, huku kiasi kikiendelea kuandikwa na mtu mwingine.

Mwaka 1992 Robert Hahn na wenzake walilinganisha vyeti vya kuzaliwa na vya kufa vya watoto wachanga. Kwa Wazungu mbari ilitofautiana katika asilimia 1.2 tu ya vyeti. Kwa Weusi, 4.3, kwa mbari nyinginezo, 43.2. Mtoto alizaliwa wa kundi moja, akazikwa wa kundi jingine kabla ya kutimiza mwaka. Utafiti wa serikali uliohusu vifo vya 1999 hadi 2011 ulikuta kwamba takriban asilimia 40 ya waliojitambulisha kuwa Wamarekani Asilia wakiwa hai waliandikwa vingine walipokufa, aghalabu Wazungu. Kwa Wazungu na Weusi vyeti viliaminika karibu kikamilifu.

Matokeo yake ni kinyume cha yale ya Hoffman: kundi lililokuwa likifa sana lilionekana lina afya, na takwimu hizo ndizo zilizotazamwa fedha za tiba zilipogawanywa. Ni mwaka 2021 tu ndipo ilipochapishwa jedwali rasmi la umri wa kuishi la Wamarekani Asilia lililosahihishwa kosa hilo: miaka 71.8 kwa mwaka 2019. Kufikia 2021 yenyewe, baada ya korona, umri huo ulishuka hadi 65.6.

Wasomaji wenye nasaba za pwani wanalijua tatizo hili kwa namna yao. Kwa ufafanuzi uliodumu tangu 1977, mwenye asili ya Mashariki ya Kati alihesabiwa Mzungu, na mwenye asili ya makundi ya watu Weusi wa Afrika alihesabiwa Mweusi. Mzaliwa wa Unguja mwenye babu wa Oman na bibi wa Kimakunduchi angeweza kujaza kisanduku kimoja katika sensa, na mtoto wake akamtajia msimamizi wa mazishi kingine. Machi 2024 serikali iliongeza kundi la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Kalamu, hata hivyo, bado iko mkononi mwa yule yule.