Maadili, Sheria na Wajibu wa Jaji: Umri wa Ndoa kuanzia 1971 na Msichana wa Shanwe

Shanwe ni kata ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulionesha kuwa Katavi iliongoza nchini kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au wana mimba ya kwanza. Katika mazingira hayo, mzazi anayemwoza binti mjamzito huamini kwamba anasitiri aibu na kumpatia mjukuu baba. Kwake, hayo ndiyo maadili.

Sheria nayo ilimuunga mkono. Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyojaribu kuunganisha ndoa za kimila, za kidini na za kiserikali, iliweka umri wa miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana, kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama iliweza kutoa kibali hata kwa aliye na miaka 14.

Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vinakiuka Katiba. Serikali ilikata rufaa, ikieleza kuwa vifungu hivyo vilizingatia mila na dini za wananchi. Tarehe 23 Oktoba 2019, Mahakama ya Rufani iliitupilia mbali rufaa hiyo.

Majaji hawakuitwa kupima wema wa mzazi. Walipaswa kuamua iwapo sheria yaweza kumnyima msichana ulinzi inaompa mvulana. Ibara ya 107B ya Katiba huzifunga mahakama kuzingatia Katiba na sheria pekee. Kwa hiyo, uadilifu wa jaji si kuhubiri imani yake, wala kuitii desturi kwa kuwa ni ya wengi. Ni kutoa sababu ambazo hata aliyeshindwa aweza kuzipima.

Hata hivyo, wajibu huo una mpaka. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha vifungu hivyo, kwa kuwa kutunga sheria ni kazi ya Bunge. Mwaka huo ulipita bila marekebisho. Haki ikawa imetamkwa mahakamani, huku msichana wa Shanwe akiendelea kutegemea dhamira ya mzazi wake.