Mzizi wa Usingizi: Historia ya Rauvolfia kati ya India, Ulaya na Kongo

Katika Kiswahili mtu hulala, lakini usingizi wenyewe haumo katika uwezo wake: humjia, humchukua, humpitia, na usiku mwingine humpaa. Basi si ajabu kwamba waganga wengi hawakuitenga dawa ya usingizi na dawa ya fadhaa au ya wazimu, kwani aliyekosa utulivu mchana hukesha usiku. Makala haya yanafuata historia ya mimea miwili ya jamii moja, Rauvolfia serpentina ya Asia na Rauvolfia vomitoria ya Afrika, na kuonyesha jinsi majina yake yalivyofunua au kuficha maarifa ya watu.

Nchini India mmea wa kwanza huitwa kwa Kisanskriti sarpagandha, yaani harufu ya nyoka. Mzizi wake ulitumiwa dhidi ya sumu ya nyoka, homa, na ukosefu wa usingizi. Huko Bihar wananchi waliuita dawa ya wazimu, jina lililotaja waziwazi kazi yake. Mreno Garcia da Orta, aliyekuwa tabibu huko Goa, aliuandika katika kitabu chake cha mwaka 1563, lakini Wazungu walishika habari za nyoka kuliko za usingizi.

Mnamo mwaka 1703 mtaalamu wa mimea Mfaransa, Charles Plumier, aliipa jamii hiyo ya mimea jina la Leonhard Rauwolf, tabibu wa Augsburg aliyesafiri Mashariki ya Kati kati ya 1573 na 1576, wala hakufika India. Mmea wa Afrika nao ulipewa jina na Msweden Adam Afzelius, aliyefanya kazi Sierra Leone katika miaka ya 1790. Neno vomitoria latokana na Kilatini na maana yake ni kutapisha. Hivyo kazi moja tu ya mmea iliingia katika jina la kitaalamu, na ile ya kutuliza ikabaki katika vinywa vya waganga.

Njia ya sayansi ilifunguliwa na Waasia wenyewe. Mwaka 1931 Salimuzzaman Siddiqui na mwenzake, wakiwa Delhi, walitenga alkaloidi kadhaa katika mzizi huo. Mojawapo waliiita ajmalini kwa heshima ya Hakim Ajmal Khan, tabibu wa dawa za asili. Mwaka huohuo Gananath Sen na Kartick Chandra Bose walieleza manufaa ya mzizi kwa wagonjwa wa akili na wa shinikizo la damu. Rustom Jal Vakil wa Bombay alichapisha matokeo yake huko Uingereza mwaka 1949, na ndipo Ulaya ikasikia. Mwaka 1952 wataalamu wa kampuni ya CIBA huko Basel walitenga reserpini, na mwaka 1954 Nathan Kline alieleza huko Marekani jinsi ilivyowatuliza wagonjwa wa akili. Baadaye ilibainika kwamba dawa hiyo huzuia miisho ya neva kuhifadhi serotonini na vitu vingine vinavyopeleka habari katika ubongo; ndiyo maana mapigo ya moyo hupungua na mtu husinzia.

Hapo ndipo Kongo inapoingia katika historia hii. Mahitaji yalipopanda, India ilizuia mizizi ghafi isitoke nchini, na wanunuzi wakaigeukia Rauvolfia vomitoria, ambayo gome la mzizi wake lina reserpini nyingi. Kongo ya Kibelgiji, na baadaye Zaire, ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa. Mizizi mikavu ilisafirishwa kwa magunia kwenda Ulaya na Marekani. Kumbuka kwamba kuvuna mzizi mara nyingi ni kuua mti. Huko Nigeria, Raymond Prince alionyesha mwaka 1960 kwamba waganga walikuwa wakiutumia mti huohuo kuwatuliza wagonjwa wa akili. Maarifa hayo hayakungoja maabara.

Sifa ya reserpini haikudumu. Wagonjwa wengine walipatwa na huzuni kubwa, na dawa mpya zikachukua nafasi yake. Mzizi wenyewe ni mkali: kipimo kikizidi, shinikizo la damu hushuka kwa hatari. Kwa hiyo sifa ya mganga mjuzi haikuwa kuujua mti tu, bali pia kujua kipimo, muda, na mgonjwa asiyestahili kupewa. Sehemu hiyo ya elimu haisafirishwi kwa magunia. Hukaa katika maneno.

Kwa kuhitimisha, historia ya Rauvolfia inafundisha kwamba jina la mmea ni hati. Waliosikiliza jina la Bihar walipata dawa. Waliotosheka na jina la Kilatini waliona kitapishi tu. Tangu 1990 biashara ya kimataifa ya mmea wa India inadhibitiwa kwa mkataba wa CITES, ili usitoweke. Majina ya miti katika lugha za Kongo, pamoja na masharti na vipimo vinavyoambatana nayo, hayalindwi na mkataba huo. Kazi ya kuyakusanya kutoka kwa wazee, kabla hawajaondoka nayo, ni ya wanaisimu sawa na ya wanafamasia.